Wagoni ya Baba, Pikapu ya Mama, Magoti ya Bibi

Wenzangu wa bwenini, mmeniuliza kwa zamu kwa nini begi langu limerudi shule na manyoya ya kondoo ndani, na kila nikianza kusimulia kengele ya prepo inalia. Sasa nimeandika. Isomeni, mpokezane, na atakayempelekea matroni hataonja ndizi zilizobaki.

Habari za kadi za magari, bima na bei nimeziruka. Nilikuwepo zikiongelewa, lakini nilisinzia.

Njiro hadi Kisongo

Mjue kwanza kwamba nyumbani kwetu Njiro kulikuwa na ugomvi wa kimya kimya tangu likizo iliyopita. Baba alitaka tununue stesheni wagoni, ile inayovuta kwa tairi zote nne lakini ukiiona kwa mbali unadhani ni ya meneja. Mama alitaka pikapu, dabo kebini, yenye bodi nyuma la kubebea mzigo. Baba yuko ofisini mjini, kazi yake kubwa ni kuhudhuria vikao, na maegesho ya pale yako chini ya dirisha la bosi wake. Mama ana kitalu cha miche ya parachichi nyuma ya nyumba, na kila akipata mteja anakodi pikapu ya watu. Ukiwasikiliza ungedhani wanabishana habari za magari. Baba alikuwa anaongelea dirisha la bosi. Mama alikuwa anaongelea miche.

"Ukiwa na pikapu," Baba alikuwa akisema, "ukoo mzima unahamia kwenye gari lako. Leo kitanda cha huyu, kesho mabati ya yule."

"Na ukiwa na wagoni," Mama alimjibu, "ukoo huo huo unakaa ndani unakula karanga."

Kilichouvunja huo ugomvi ni macho ya Bibi. Bibi, mama yake Baba, anaishi Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru, ule ambao sisi wa mjini hatuuoni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga, anaona vivuli, basi. Ukiwa naye anakunyooshea kidole, lakini kidole kinaelekea kwenye hewa iliyo karibu na wewe, na wewe kwa adabu unasogea mpaka kikufikie. Daktari wa macho alishampangia upasuaji mara mbili na mara mbili Bibi hakutokea. Mara ya kwanza alisema gari la kukodi limemtapisha, na lilikuwa bado halijafika. Mara ya pili alijificha kwenye banda la ng'ombe la jirani mpaka dereva akakata tamaa. Safari hii daktari alimpa Jumanne, akasema jicho la kulia likisubirishwa tena hatalisogelea. Na baada ya upasuaji kuna kwenda na kurudi kliniki kwingi tu, kwa hiyo gari asilolipanda Bibi lingekuwa pambo la geti.

Ndipo Baba, siku ambayo hasira na njaa vilimkuta pamoja, akatamka mbele ya mashahidi, yaani mimi: "Gari atakalokubali mama yangu kulipanda, ndilo tutakalonunua. Kwisha."

"Umesema, Baba Upendo," Mama akajibu, akaenda kuosha vyombo huku akiimba. Mama akiimba mimi huwa naogopa.

Jumamosi asubuhi tukaenda Kisongo kwa Mjomba Frenki, mdogo wake Mama, ambaye ni dalali wa magari. Alikuwa nayo yote mawili. Wagoni ilikuwa ya rangi ya maziwa, na viti vyake vyeupe kama shuka za hoteli. Pikapu ilikuwa ya rangi ya chungwa lililopitiliza kuiva, na ubavuni, upande wa abiria wa mbele, mwenyewe wa kwanza alikuwa amemchoresha nyani mkubwa aliyevaa miwani ya jua, ulimi nje.

"Huyo nyani anatoka," Mjomba alisema haraka. "Anasuguliwa tu, dada."

Niliweka mate kidoleni nikasugua. Nyani akang'aa zaidi.

"Zungukeni nazo mlima mzima, lami na vumbi," Mjomba akasema, "Jumatatu mnirudishie moja. Lakini hata hiyo moja irudi na rangi yake."

Mimi nikateuliwa kuwa shahidi wa haki, niwe napanda hili na lile. Kabla hatujatoka getini Baba aliniletea soda, na Mama naye akaniletea soda. Haki ilianza vizuri.

Kisongo hadi Oldonyo Sambu

Tulipita barabara ya mchepuo mpaka tukaipata ya Namanga, mlima ukiwa kulia kwetu. Nilikuwa kwenye wagoni. Kwenye lami, semeni mnavyotaka, wagoni ni raha. Inateleza, haina kelele. Baba aliushika usukani kwa vidole viwili kama anayeonja chumvi ya mboga.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nini?"

"Hakuna kitu. Hicho ndicho nachosema."

Nyuma yetu, kwenye kioo, niliona chungwa linarukaruka. Mama alikuwa ndani yake, amekaa juu kabisa kama yuko ghorofani, na anacheka peke yake.

Oldonyo Sambu tukasimama kula. Mwenye bucha alikuwa na jiko pale pale nje, unachagua nyama ikining'inia, anaitupa motoni, anakuletea kwenye ubao na chumvi na pilipili. Tulichelewa pale kwa sababu ya mbuzi aliyekuwa mgumu kuiva kama hesabu za seti, na kwa sababu Baba alikuwa anamweleza mwenye bucha jinsi tairi nne zinavyogawana kazi. Mwenye bucha alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Na lile jingine linakwenda wapi?"

"Nyuma ya mlima," Mama akajibu.

Hiyo sentensi ndiyo ilitugharimu. Tulipotoka tukiwa tunanyonya vidole, tukakuta mlango ndani ya bodi la pikapu. Mlango kabisa, wa mbao, mpya, umefungwa kamba vizuri kuliko sisi tungeweza. Juu ya mlango amekaa mzee mmoja wa Kiarusha, shuka begani, fimbo magotini.

"Tunaondoka?" akatuuliza, kama sisi ndio tuliomchelewesha.

"Shikamoo mzee," Mama akasema. "Huo mlango ni wa nani?"

"Marahaba, yeyo, mama yangu. Wa kwangu. Yule wa nyama amesema pikapu inakwenda nyuma ya mlima."

"Si nilisema?" Baba akaita kutoka kwenye wagoni. "Si nilisema, Mama Upendo? Hata hatujainunua, watu wameanza kuhama!"

"Unashukia wapi, mzee?" Mama akauliza.

Mzee akafikiri. "Wewe nenda tu. Ukiona nyumba isiyo na mlango, simama."

Nyuma ya mlima

Hapo nikahamia pikapu, maana nilitaka kuiona hiyo nyumba.

Lami ikaisha. Upande huo wa Meru udongo ni kama majivu, laini, wa kijivu, unaingia puani, sikioni, na mahali pengine ambapo sitapataja kwa sababu ya matroni. Mlima umegeuka, huufahamu tena. Kutoka Njiro ni mama mnene aliyefunga kanga, kutoka kule unaona kifua chake kimebomoka na mabonde yametoka mle. Tulisimama kupisha punda wenye madumu ya maji. Tukasimama kupisha ng'ombe. Tukasimama kwa sababu kijana mmoja mchungaji alitaka kupiga picha na nyani wetu wa ubavuni, akapiga, akaita na wenzake.

Mzee wa mlango alipopata alichokuwa anakitafuta akagonga paa kwa fimbo. Kweli, nyumba ilikuwepo, nzuri, na pale penye mlango lilining'inia blanketi. Mkewe alitoka, akatutazama, akautazama mlango, akamwambia mumewe kitu kirefu kwa Kimaasai ambacho hakuna aliyetutafsiria. Kisha akatuletea maziwa ya kibuyu, yale yenye harufu ya moshi, na hatukuondoka mpaka kibuyu kikaisha. Baba alikunywa akiwa amesimama, anapangusa vumbi kwenye wagoni kwa leso yake ya ofisini.

Tulipouacha mlango tukaipata aibu. Pikapu tupu ina kitako chepesi, jamani. Tuliingia kwenye korongo lenye mchanga, na nyuma kukaanza kucheza kivyake kama mtoto aliyekatazwa kucheza. Kushoto, kulia, kushoto, tukazama. Mama akakanyaga mafuta. Tukazama zaidi.

Baba akaja nyuma yetu, akatuzunguka taratibu, wagoni ikapita ule mchanga kama paka anavyopita ukutani. Akasimama ng'ambo. Akashuka. Akafunga mlango wa gari kwa upole wa makusudi.

"Mnahitaji msaada, abiria?"

"Baba Upendo, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu, kama kampuni ya mabasi."

Simu ya Mama ikalia. Alikuwa Mjomba Frenki. "Dada, vipi, mmeingia mchangani? Umeingiza ile gia ya mbele?"

"Gia gani ya mbele?"

"Ile fupi, dada. Kando ya ile ndefu. Ndiyo inayoziamuru tairi za mbele nazo zivute."

Mama aliitazama ile gia fupi. Alikuwa ametundika mkoba wake pale tangu Kisongo.

Tukatoka. Lakini ushahidi ulishaingia, na Baba alipiga filimbi mpaka Ngarenanyuki.

Kwa Bibi

Ngarenanyuki ni nyanya na vitunguu mpaka unachoka kuviona, na maji yake yanapaka meno rangi ya chai. Baba akicheka tu unajua alikozaliwa. Bibi alikuwa amekaa kibarazani, fimbo mkononi, uso umeelekea shambani kwake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Ni nani huyo anayenuka nyama halafu hajaniletea?"

Tulikuwa tumemletea. Alikula huku akitueleza habari zake, na habari zake zote ni nyani. Nyani wanashuka kutoka msituni wanakula mahindi yake. Zamani walikuwa wanamwogopa, kijiji kizima kinajua: Bibi alikuwa anarusha jiwe na halikosi. Siku hizi wamegundua haoni.

"Wanakuja mchana kweupe," alisema, akilinyooshea kidole gogo lililokuwa karibu na mimi. "Wanakaa pale wanamenya. Mmoja juzi amekohoa. Amekohoa kama mwenye nyumba!"

"Ndiyo maana tumekuja, mama," Baba akasema. "Bado siku tatu tu, Jumanne daktari anakusubiri. Utawaona."

"Sitaki kuona vitu vingi mimi. Jicho moja la kulengea linanitosha." Kisha akanyanyuka. "Haya, hayo magari yako wapi? Nimesikia mmekuja kushindana."

Jamani, Bibi hakuuliza injini wala mafuta. Aliipapasa wagoni kuanzia taa mpaka buti, akafunguliwa mlango, akageuka akaketi. Kiti kilimpokea palepale makalio yake yalipokuwa. Hakuinama, hakupanda. Akasema "eee", ile ndefu.

Pikapu ilikuwa habari nyingine. Baba alifungua mlango kwa ukarimu uliozidi. Bibi akainua mguu. Magoti yake mnayajua, yale ya kulima mlimani miaka yote. Mguu ukafika katikati ya safari ukarudi.

"Nikubebe, mama?" Baba akauliza.

"Mimi nimekuwa gunia?"

"Ni hatua moja tu..."

"Sibebwi. Nilibebwa nilipozaliwa, na nitabebwa siku ile nyingine. Katikati hapa natembea mwenyewe."

Ikawa imeisha. Baba alienda kando akampigia Mjomba Frenki tukimsikia: "Ndiyo. Wagoni. Mama mwenyewe kachagua." Tulikula loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, baridi kidogo, tamu ajabu. Baba alirudia mara tatu kwa furaha ya ushindi. Mama aliosha vyombo.

Akiimba.

Mnadani

Jumapili tukaenda kanisani, Bibi ndani ya wagoni kama malkia, pikapu nyuma yetu tupu inarukaruka. Mpango ulikuwa ibada ikiisha tushuke naye moja kwa moja. Baba aliegesha mbele kabisa, mahali ambapo hata kwaya ingelazimika kuitazama.

Nyie wa pwani hamjui mnada wa kanisani, basi niwaeleze. Ibada ikiisha watu hawaendi nyumbani. Wanatoka nje, na sadaka za mazao zinanadiwa pale pale uwanjani: ndizi, mayai, miwa, kuku, chochote mtu alicholeta badala ya hela. Na ukinunua si lazima uchukue wewe. Unaweza kusema unamnunulia mtu, ukamtaja, watu wakapiga makofi. Kilichonunuliwa kwa jina lako lazima kionekane kinaondoka na wewe, kwa sababu aliyekununulia amesimama hapo hapo, anatazama.

Mzee wa mnada akainua mkungu wa kwanza. Baba akaupata. Akajiweka sawa koti, akasema kwa sauti ya kikaoni, "Namnunulia mama yangu mzazi. Keshokutwa anafanyiwa upasuaji wa macho mjini. Tunashuka naye leo."

Nilimwona Mama akifumba macho. Si kwa maombi.

Baba amekaa Njiro mpaka amesahau kwao. Pale ukisema mtu anakwenda kutibiwa, hujatoa tangazo, umefungua geti la mfereji. Hakuna aliyekuwa uwanjani pale ambaye hakuwahi kula kwa Bibi, au kukopeshwa mbegu, au kupigwa naye kofi akiwa mtoto. Mkungu wa pili: "Namnunulia mama, akale mjini." Wa tatu. Wa nne. Kuku wawili waliofungwa miguu. Mzigo wa miwa. Ndoo ya maparachichi, ambayo Mama aliitazama kama mtaalamu. Mzee mmoja ambaye Bibi alimnyima salamu tangu enzi akanunua trei ya mayai, akasema, "Namnunulia adui yangu," watu wakacheka mpaka mchungaji akakohoa. Bibi alikaa kwenye benchi, kila jina likitajwa anatikisa kichwa, na kidole chake kinawashukuru watu wasiokuwepo mahali pale.

Kisha akaletwa kondoo. Kikundi cha akina mama kilijichanga, kikamnunua, kikamkabidhi kamba Baba.

Mwishoni kabisa kikabaki kigoda. Fundi seremala wa usharika alikitoa kama fungu lake, kipana, cha miguu minne, kizito kama dhambi. Hakuna aliyekitaka. Mama akanyoosha mkono.

"Namnunulia mama mkwe wangu."

"Akakamulie kondoo?" mtu akauliza, kicheko kikapasuka. Mama naye akacheka. Mimi peke yangu nilimwona akikipima kwa mguu wake.

Sasa kupakia. Baba alishawatangazia watu kwamba gari letu ni wagoni, kwa hiyo wagoni ingebeba. Buti lilimeza mikungu mitatu, likakataa wa nne. Wa nne ukaenda kiti cha nyuma, juu ya gazeti. Miwa ikatoka dirishani kama mikono ya wanafunzi wanaojua jibu. Kuku wakawa chini. Bibi alikuwa ameshaketi mbele, mayai mapajani, ndoo ya maparachichi kati ya miguu. Mama ameegemea pikapu yake tupu.

Baba akamtazama kondoo. Kondoo akamtazama Baba. Wote wawili wakatazama kiti cheupe.

"Huyu," Baba akasema, "tutamfuata wiki ijayo."

Wale akina mama walikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Bibi akafungua mlango. Akamkabidhi mtu wa karibu mayai, yaani aliyakabidhi hewa, nikawahi kuyadaka. Akashuka.

"Basi na mimi mtanifuata wiki ijayo."

"Mama! Jumanne!"

"Jumanne zipo nyingi."

"Daktari hana nyingine, mama. Alisema hii tu!"

"Basi nyani wale mahindi." Akaanza kutembea, fimbo mbele, tok, tok, kuelekea nyumbani. Baba alibaki ameshika kamba ya kondoo, na kwa mara ya kwanza safari nzima uso wake haukuwa na gari ndani. Hata mimi, nakiri, sikuwa na utani. Nilikuwa nafikiria lile jicho la kulia.

Mama hakumkimbilia Bibi. Alishusha mlango wa nyuma wa pikapu, pwaa. Akachukua kamba kwa Baba, kondoo akapanda. Akahamisha mikungu, miwa ikakwama kidogo akaiacha. Wale akina mama walipoona zawadi yao inakaa vizuri wakaanza kupanda na wao bila kuambiwa, kumsindikiza mwenzao mpaka njia panda, na wakishapanda watu wa kwaya unajua kinachofuata. Mmoja alianza, wengine wakapokea, sauti nne kamili. Begi langu lilikuwa huko nyuma, na kondoo akaona ni godoro.

Fimbo ya Bibi ikanyamaza. Alisimama barabarani, kichwa kimeinama upande wa wimbo.

"Wanaimbia wapi hao?"

"Ndani ya pikapu, mama," Mama akasema. "Wanakusindikiza wewe. Kondoo yumo, ndizi zimo."

"Sibebwi."

"Nani akubebe? Kuna ngazi."

Mama alikuwa amekiweka kigoda chini ya mlango wa mbele. Bibi akarudi, akakigonga kwa fimbo. Kikajibu kama kigoda.

"Hiki si kile ulichoninunulia?"

"Ndicho."

"Ulikuwa unajua?"

"Mimi nijue nini, mama?"

Bibi akacheka, kile kicheko chake kinachoanzia tumboni. Akaweka mguu mmoja kwenye kigoda, akaweka wa pili, akashika mpini wa mlango, akaketi. Mwenyewe.

"Kumbe huku juu kuna upepo," akasema. "Kule chini nilikuwa kama mtu aliyefungiwa kabatini. Upendo, nipe mayai yangu."

Baba akanikaribia. "Wewe si shahidi wa haki?"

"Nilikunywa soda zote mbili, Baba. Siwezi kusema kitu."

Kushuka hadi Njiro

Akina mama walishukia njia panda wakiwa wamekauka sauti. Pikapu iliyoshiba haikucheza tena. Ilikaa njiani kama mtu mzima. Nilikaa nyuma ya Bibi. Baba alitufuata kwa wagoni, yeye na kuku na ile miwa iliyokataa kutoka dirishani.

Njia ya kushuka inapita ndani ya hifadhi. Getini mlinzi aliwachungulia abiria wetu, akamsalimia Bibi, kisha akauliza kwa uso mkavu, "Na huyu kondoo ni mkazi au mtalii?"

"Ni mgonjwa," Mama akasema. "Anasindikiza mgonjwa mwenzake."

Tukiwa bado tunacheka, honi ya wagoni ikalia nyuma. Ikalia tena.

"Anaeli anapiga honi ya nini?" Bibi akauliza, akimtaja Baba kwa jina.

Nikageuka. Nyani mkubwa alikuwa amesimama kwa miguu miwili kando ya wagoni, anavuta muwa kutoka dirishani, na Baba anauvuta kwa ndani. Nyani alishinda.

"Anaibiwa muwa, Bibi."

"Na nani?"

Nikamtazama Mama. Mama akatazama barabara. "Na nyani, Bibi."

Bibi alikaza meno. Alieleza mambo kuhusu ukoo wa nyani ambayo kondoo tu ndiye aliyekuwa na haki ya kuyasikia. Na wakati wote huo kiwiko chake kilikuwa kimetulia dirishani, na chini kidogo tu ya kiwiko, nje, yuko yule wetu na miwani yake. Hakuna aliyethubutu. Mimi nilijaza parachichi mdomoni nisije nikasema.

Tulikunywa chai na chapati Tengeru, watu wakatuzunguka kuuliza ndizi tunauzaje, na Mama aliwakatalia kwa huzuni ya kweli. Usa tulishaipita Bibi akiwa usingizini, kwa hiyo suala la kutapika lilikufa lenyewe. Njiro majirani walipanda juu ya kuta zao. Kondoo alishuka, akanyoosha miguu, akaenda moja kwa moja kwenye kitalu cha Mama, akala miche. Baba alicheka mpaka meno yote ya Ngarenanyuki yakaonekana. Kila mtu ana siku yake.

Jumatatu wagoni ilirudi Kisongo. Baba aliiosha mwenyewe, polepole.

Jicho

Jumanne Bibi aliingia akiwa ananiambia nikimsikia analia nisiwaambie wa kanisani. Hakulia. Jumatano asubuhi nesi alibandua ile plasta ya jicho la kulia, na sisi watatu tukasimama kama tuliosimamishwa paredi.

Bibi alipepesa. Akamtazama Baba, kwa muda mrefu mpaka Baba akajipapasa shavu.

"Anaeli. Umezeeka lini?"

"Ni mawazo ya gari, mama," Baba akasema, na sauti yake haikuwa ya kikaoni.

Akamtazama Mama, akatikisa kichwa tu, kama wanaoelewana. Mimi akaniambia nimekuwa mrefu bila ruhusa. Kisha tukatoka nje, naye anataja kila kitu: maua, mwavuli, mtu mwenye viatu vibaya. Tukafika kwenye maegesho. Mama alijaribu kutuzungushia upande wa dereva. Bibi akawa ameshafika upande wake wa kupandia.

Akasimama.

Alimtazama nyani. Miwani, ulimi, meno. Akamsogelea, akarudi nyuma, akaitazama pikapu nzima, lile chungwa lote.

"Hili ndilo nililolipanda mbele ya kanisa?"

Baba, ambaye angeweza kuishinda kesi yote pale pale, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Anasuguliwa, mama," Mama akasema kwa sauti ndogo. "Frenki amesema anatoka."

Bibi aliinama, mwenyewe, magoti yakilalamika, akaokota kokoto kwenye ukingo wa maua. Akarudi hatua nne. Akafumba lile jicho lisilotibiwa. Akarusha.

Ta! Katikati ya kioo cha kushoto cha miwani. Rangi ikabanduka, na kidonda chake kipo mpaka leo, nendeni mkakione.

"Asisuguliwe," Bibi akasema, akipangusa mikono. "Nitarudi naye nyumbani hivyo hivyo. Wenzake wamwone."

Kisha akageuka, akaninyooshea kidole. Nilishaanza kusogea kwa mazoea, nikakuta sina haja. Kilikuwa kimenielekea mimi, katikati ya kifua.

"Upendo. Lete kigoda."